Nimpeleke mwanangu mlimani akabebe mizigo ili ajue kazi?

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Pasua hapa Moshi, nina duka la vifaa vya ujenzi. Nimekulia Kibosho. Kabla ya shule nilikuwa nimeshakata majani ya ng'ombe, jioni kuteka maji, msimu wa kahawa kuchuma na kumenya. Sekondari nilijisomesha nusu nzima kwa kuuza ndizi soko la Mbuyuni, nikawa saidia fundi, hata ukonda wa hiace niliushika. Mwanangu wa kwanza ana miaka 17, kamaliza kidato cha nne Novemba hii. Nyuma yake kuna binti wa miaka 13 na wa mwisho wa miaka 6. Kijana hana tabia mbaya ila kazi hawezi. Kufagia uwanja mpaka nirudie mara tatu. Nilimtafutia kibarua cha kuosha magari, siku ya nne akaacha, anasema bosi anatukana. Mdogo wangu anashauri nimpeleke mlimani akabebe mizigo ya wageni, "atarudi mtu". Mke wangu anasema nimwache apumzike, asubiri matokeo. Nifanyeje? Na je, nimlipe akifanya kazi za nyumbani au za dukani?

JIBU: Marahaba, baba. Nianze na la mlimani, maana mdogo wako anaonekana ana haraka. Usimpeleke. Kijana ana miaka 17. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zinamruhusu mtoto aliyefikisha miaka 14 kufanya kazi nyepesi, ile isiyomdhuru na isiyomkwamisha shule. Kazi ya hatari ni marufuku mpaka atimize 18. Kubeba mzigo wa wageni unaofikia kilo 20, ambao ndio ukomo wa mpagazi Kilimanjaro, kisha kulala kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 kutoka usawa wa bahari, siyo kazi nyepesi kwa tafsiri ya mtu yeyote. Kule juu hewa ni haba, baridi haina huruma, na mapafu yakianza kujaa maji hayamuulizi mtu kama ni mvivu au mchapakazi. Wapagazi wazoefu wamefia kule.

Kuna na jambo jingine linaloniudhi katika ushauri huo, na nalisikia sana hapa mjini. Upagazi ni kazi ya watu. Ina ufundi wake: kufunga mzigo, kupima hatua, kumtambua mwenzako ameanza kuumwa kabla mwenyewe hajakubali. Nyumba ngapi Marangu, Machame na Old Moshi zimeezekwa kwa kazi hiyo? Ukimpeleka mtoto kule kama adhabu, unamfundisha kwamba kazi ya nguvu ni jela ya wakosaji. Atarudi, ndiyo. Atarudi ameapa kutafuta kazi ya kukaa kwenye kiti.

Arusha nako wana simulizi zao za namna hiyo kuhusu Mererani. Utakutana na mtu mwenye ghorofa akuambie alianza akiwa "nyoka", yule mtoto mwembamba aliyepenyezwa kwenye shimo la tanzanite asikopita mtu mzima, na kwamba ndiko alikojifunza maisha. Namwamini. Ila waliofunikwa na mashimo hawapo kutusimulia wao walijifunza nini.

Sasa turudi Kibosho, kwa sababu nadhani hapo ndipo ulipojielewa vibaya.

Unaamini ulifundishwa na taabu. Watu wengi wa rika lako wanaamini hivyo, na sishangai, taabu ndiyo inayokumbukwa. Lakini hebu wakumbuke wenzako mliokata nao majani. Wote mlilowa umande ule ule. Baadhi leo wana maduka kama wewe. Wengine ukipanda Kibosho saa 4 asubuhi unawakuta kilabuni, na hiyo mbege si kata ya kwanza. Kama taabu ingekuwa mwalimu, darasa zima lingefaulu.

Itazame upya kazi yenyewe. Majani usipoleta, ng'ombe analia zizini, maziwa ya kesho yanapungua, mama yako anakosa cha kuwapelekea wateja wake. Kahawa ndiyo ilikuwa kali zaidi. Kahawa mbivu ikichumwa leo, mashine ya kumenyea inaisubiri leo. Ikilala kwenye gunia inapata joto, inaanza kuchacha ikiwa na ganda lake, na ladha hiyo mbaya haitoki tena hata uioshe vipi. Kwa hiyo mtoto alizungusha mkono wa mashine usiku kwa taa ya chemli na hapakuwa na haja ya kumfokea. Kahawa yenyewe ilikuwa inafoka. Maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, nayo yalikuwa ya zamu. Zamu yenu ikipita mmelala, migomba inangoja zamu nyingine. Baadaye ukawa saidia fundi, na nina hakika siku ya kwanza tu ulisikia ule msemo ambao leo wateja wako wanautamka hapo kaunta wakidai saruji ifike haraka: zege halilali.

Hicho ndicho kilichokulea. Kulikuwa na mtu au kitu kinachokusubiri, na usipotokea kuna hasara inayoonekana kwa macho. Tena ulikuwa ukifanya pembeni ya watu wazima waliokuwa wameinama kama wewe, siyo waliokaa kivulini wakikuelekeza kwa kidole. Kuamka alfajiri na kuchubuka mikono vilikuja kama gharama tu. Kama ungechubuliwa mikono bila ng'ombe anayesubiri, ungekua unaichukia kazi na anayekutuma.

Njoo sasa kwenye uwanja wako wa Pasua. Usipofagiliwa saa 3, utafagiliwa saa 9. Usipofagiliwa kabisa, kesho mtu mwingine ataufagia. Hakuna ng'ombe anayelia. Kijana amekwisha kupiga hesabu zake kwamba kazi hiyo haimhitaji yeye; ipo ili baba amwone anafanya kitu. Maji yapo bombani, gesi ipo jikoni, maziwa yanaletwa na pikipiki. Umeyatafuta hayo kwa jasho na sikulaumu hata kidogo. Lakini nyumba yako imeishiwa kazi, na sehemu kubwa ya uvivu unaouona inatoka hapo.

Jambo hili limefuatiliwa na watafiti kwa miaka mingi. Marekani kuna utafiti uliowafuatilia wavulana 456 wa mitaa ya hali ya chini jijini Boston, tangu wakiwa na miaka kama 14 mpaka walipofika 47. Mwaka 1981 George Vaillant na Caroline Vaillant walichapisha walichokiona: waliokuwa wachapakazi utotoni ndio waliokuja kuwa na kipato kizuri, akili iliyotulia na urafiki wa kudumu, na uchapakazi huo ulibashiri utu uzima wao vizuri kuliko uwezo wa akili au hali ya familia walikotoka. Kinachonivutia ni namna walivyoupima. Hawakuuliza nani aliteseka. Waliangalia kama mtoto ana kibarua cha muda, kama ana kazi zake za nyumbani, kama anajitahidi shuleni kwa kadiri ya uwezo wake, kama anashiriki michezo na vikundi. Mambo madogo ya kila siku. Sitakuambia kwamba kuosha vyombo ndiko kulikowapa mishahara. Huenda mtoto aliyetulia ndiye anayeosha vyombo, na huyo huyo ndiye anayepandishwa cheo baadaye. Hata hivyo mimi nasimama upande wa vyombo.

Na tukiwa hapo kwenye vyombo, kuna mtu umempitia haraka. Binti wa miaka 13 umemtaja kwa maneno machache halafu ukaendelea na safari. Nabahatisha, na ukiniambia siyo hivyo nitafurahi: yeye ndiye anayeosha. Yeye na mama yake ndio wanaopika, na kijana anapakuliwa akiwa ameshika simu. Nyumba nyingi za hapa kwetu ndivyo zilivyo, tena wenye nyumba hizo ndio wanaonijia kulalamika kwamba vijana wa kiume wa siku hizi hawajitumi. Mtoto wa kiume amejifunza vizuri sana, baba. Amejifunza kwamba nyumba inaendeshwa na wengine.

Kwa hiyo kazi yake ya kwanza, kabla hamjamtafuta bosi yeyote, iko jikoni kwenu. Mpeni siku mbili za wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa, ambazo chakula cha usiku ni chake kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Apewe pesa mkononi, aende sokoni, achague mwenyewe, apike, apakue, na masufuria yalale yameoshwa. Saa 1:30 watu watano wanakaa mezani. Huo ndio mng'ao wa taa ya chemli uliobaki katika nyumba yenye umeme: watu watano wenye njaa wanaomsubiri yeye na si mwingine.

Hapa namhitaji mkeo kuliko wewe. Mara ya kwanza ugali utakuwa na madonge na dagaa watakuwa na mchanga. Kuleni. Mama asiinuke kwenda kuokoa sufuria. Siku kijana atakayosahau, kunyweni chai na mkate mkalale, bila hotuba na bila kukumbushana ya Kibosho. Mdogo wake wa miaka 6 akiuliza chakula kiko wapi, mwacheni amjibu yeye. Nimeona vijana waliokuwa sugu kwa makofi ya baba wakishindwa kuvumilia swali hilo.

Huyo wa miaka 6 naye nina neno juu yake, maana kwake bado ni mapema. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kwamba watoto wa miezi 18 tu, wakimwona mtu mzima ameangusha kitu asichoweza kukifikia, wengi wao huenda kumwokotea bila kuombwa. Mtoto anazaliwa na hamu ya kushiriki. Sisi ndio tunaomfukuza: toka hapa utajikata, toka utachafuka, nenda kacheze. Tunamfukuza miaka kumi, halafu akifika 16 tunamwita mvivu. Huyo mdogo akitaka kukusaidia kupanga misumari kwa saizi, kaa naye, hata kama itakuchukua mara tatu ya muda wako.

Watafiti hao hao waliendelea, na mwaka 2008 wakaonyesha kwamba watoto wa miezi 20 waliokuwa wakipewa zawadi kila wanaposaidia, zawadi zilipokoma walisaidia kidogo kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Hilo linanipa jibu la swali lako la malipo, angalau nusu yake. Kazi za nyumbani usimlipe. Anakula hapo, analala hapo, na siku utakapoweka bei kwenye kuosha vyombo, umempa pia haki ya kusema leo sihitaji pesa. Kazi ya dukani ni jambo jingine. Ile ni biashara, na anayefanya kazi ya biashara analipwa. Sheria ya Mtoto yenyewe inampa mtoto anayefanya kazi haki ya ujira unaolingana na kazi aliyofanya, na sioni inaposema isipokuwa kama mwajiri ni baba yake.

Ila dukani kwako asianzie. Pale yeye ni mtoto wa bosi. Vijana wako wa stoo wakimwona amekaa juu ya mifuko ya saruji anachati, nani atamwambia ainuke? Akikosea chenji, atafidiwa kimya kimya. Na wewe mwenyewe utakuwa mkali kupita kiasi mbele ya wateja ili usionekane unampendelea, au utakuwa mlaini kupita kiasi, na yote mawili yatamharibu. Mtu anajifunza kazi haraka zaidi mahali ambapo jina la baba yake halina uzito.

Sasa la kuosha magari. Wewe umelipeleka kwenye hesabu ya uvivu. Mimi sijalipeleka huko bado. Muulize kwa utulivu: alitukanwa nini? Kuambiwa "harakisha we kijana, mteja anasubiri" na kutukaniwa mama ni vitu viwili tofauti, na mtoto ambaye hajawahi kufanya kazi nje anaweza kuvichanganya. Kama alitukaniwa wazazi, au alinyimwa posho ya siku tatu za kwanza, aliacha kwa haki, na umwambie hivyo kwa mdomo wako. Bosi wa matusi anamfundisha kijana kujificha akikosea, na hiyo ni hasara utakayoilipa miaka mingi. Jinsi alivyoacha ndiyo yenye tatizo. Hakurudi, hakuaga, labda hata gambuti za watu ziko kwenu mpaka leo. Mtume arudi. Aende mwenyewe, aseme ameacha, arudishe vya watu, adai chake kama anadai. Itamuuma kuliko zile siku alizofanya kazi, na safari hiyo itamfaa zaidi.

Mkeo ana hoja lakini nusu. Mtoto aliyetoka kwenye mtihani wa taifa apumzike, alale mpaka achoke kulala, Krismasi ipite. Kusubiri matokeo ndiko sikubaliani nako. Matokeo ya kidato cha nne kwa kawaida hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni nusu mwaka ya kukaa sebuleni. Naona hiyo ndiyo nafasi nzuri kuliko zote atakazopata mpaka amalize chuo, maana hana masomo yanayogombana na kazi. Akishaanza kidato cha tano sahau vibarua vya muhula. Utafiti wa miaka ya 1980 wa Laurence Steinberg na Ellen Greenberger, nao wa Marekani, uliona kwamba mwanafunzi anayefanya kazi saa nyingi, zinapozidi kama 20 kwa wiki, masomo na tabia yake huanza kushuka.

Kwa hiyo igawe hiyo nusu mwaka kwenye kazi tatu tofauti, wiki saba au nane kila moja. Najua utasema huko ni kutangatanga. Anayetangatanga anaondoka kazi inapokuwa ngumu. Huyu ataondoka muda waliokubaliana unapoisha. Na mtu wa kukataa hilo si wewe, uliyeuza ndizi, ukachanganya zege, ukaning'inia kwenye mlango wa hiace. Fikiri ukonda ulikupa nini ambacho majani ya ng'ombe hayakukupa: kumsoma mtu kabla hajafungua mdomo, na kupeleka hesabu kwa tajiri jioni hata siku ambayo abiria hawakuwepo. Mwanasaikolojia Robert Eisenberger aliandika mwaka 1992 kwamba mtu akijikaza na kuona matunda yake mara nyingi, kule kujikaza kwenyewe kunapungua uchungu. Na ikitokea hivyo katika kazi za aina mbalimbali, anabeba juhudi hiyo hata kwenye kazi mpya asizowahi kuzigusa. Aliyezoea kazi moja tu anaweza kuwa simba pale na paka kwingine.

Ya kwanza ningempeleka Mbuyuni, kwa mama anayeuza nyanya na vitunguu, na nitaieleza hii kwa kirefu kwa kuwa naiamini kuliko zote. Nyanya ni kahawa ya mjini. Haisubiri. Zikishuka asubuhi zinatakiwa kuchambuliwa mara moja, zilizogongwa huku, ngumu kule, zinazoiva leo mbele. Tenga likisahaulika siku mbili juani, faida ya wiki imekwenda. Kijana ataona mtu anayepoteza pesa kwa ajili ya uzembe, na ataona ni pesa ya nani, ya mama aliyekaa mbele yake na anayesomesha kwa hiyo. Atajifunza mizani, chenji, na kumjibu mteja anayeshusha bei kwa dharau bila yeye kudharau. Atajifunza kwamba mteja wa jioni anayenunua fungu moja ndiye anayerudi kila siku. Atachoka kusimama. Atachekwa na wauzaji wengine kwa jinsi anavyofunga mfuko. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachomuumiza.

Mtafute mama unayemjua kwa tabia, siyo kwa ukubwa wa biashara. Ukimuuliza nani amewahi kumsaidia hapo, akakutajia vijana wawili watatu waliokwenda kufungua meza zao, umempata. Akikuambia vijana wote ni wezi, endelea na safari. Nenda naye kijana, mkae watatu, msemezane mbele yake: anafika saa ngapi, anakula wapi, analipwa kiasi gani na lini, kazi ipi ni yake. Soko linaamka mapema sana, lakini sheria hairuhusu mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kwa hiyo kushusha mizigo ya usiku kusiwe kwake. Malipo yaende mkononi mwake. Usiyapokee wewe, wala usimwombe akukopeshe.

Mkubaliane pia, kabla hajaanza, sababu zinazoruhusu kuacha kabla ya muda: kutukaniwa wazazi, kuguswa vibaya, kutolipwa, kufanyishwa jambo la hatari. Yakitokea, anakuja nyumbani siku hiyo hiyo na hakuna atakayemuuliza mara mbili. Nje ya hayo anamaliza. Kuchoka, kuboreka na kuona marafiki wanapita na yeye yuko na tenga havimo kwenye orodha.

Ya pili iwe kwa fundi. Fundi baiskeli, seremala, fundi viatu, yeyote anayetengeneza kitu ambacho kikikosewa kinaonekana. Gereji na uchomeleaji sizipendi kwa umri wake. Cheche, mashine za kukatia na magari yaliyoinuliwa kwa jeki mbovu ni mambo ya hatari hata kwa wakubwa. Kwa fundi atajifunza kuwa mjinga mbele ya watu, jambo ambalo shule yetu haifundishi. Wiki ya kwanza atapewa kufagia vumbi la mbao na kuokota misumari, na atakuja kulalamika kwamba hafundishwi kitu. Muulize tu fundi leo alikuwa anatengeneza nini. Akiweza kukueleza, anafundishwa.

Ya tatu ni ya babu. Kama kihamba chenu Kibosho, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, bado kina mtu mzima ndani yake, mpandishe huko wakati wa masika, Machi mpaka Mei. Kuondoa machipukizi kwenye mibuni, kupalilia migomba, kwenda shamba la tambarare kupanda mahindi na maharage. Hii ni kinyume cha nyanya: hakuna anachofanya leo kitakachoonekana kesho, na mavuno yenyewe ya kahawa yataanza yeye akiwa ameondoka kwenda shule. Kuna kijana anayetulia kwenye kazi ya namna hiyo na kuna anayeteseka nayo, na vyote viwili ni habari njema kuzipata akiwa na miaka 17. Usimpandishe wewe kwa gari ukabaki kumsimamia. Mwache na babu yake.

Kuhusu wewe mwenyewe nitakuwa mfupi. Unaondoka asubuhi kijana amelala, unarudi usiku umechoka, unakaa kwenye kochi na simu yako. Anachokijua juu ya kazi yako ni kwamba inaleta gari na hasira. Siku moja mchukue dukani akae tu, siku ya kuhesabu stoo au siku ambayo mteja amerudisha mabati kwa fujo. Aone unavyonyamaza. Na zile hadithi za "sisi wakati wetu" zipunguze. Katika simulizi zako zote unashinda. Mweleze siku ulipoleta hesabu pungufu kwa tajiri wa hiace, jinsi ulivyolala usiku huo.

Mwisho ni jinsi ya kuondoka, kwa kuwa ndiko alikoteleza mara ya kwanza. Kila kazi, wiki mbili kabla ya siku ya mwisho amkumbushe bosi kwa mdomo wake. Siku ya mwisho amkabidhi anayebaki vitu na daftari, wahesabu wote wawili. Kwa fundi aombe barua fupi, hata ya mistari minne kwa mkono, yenye tarehe aliyoanza, tarehe aliyomaliza na kazi alizoshika. Akichaguliwa kidato cha tano ataikunja aiweke. Asipochaguliwa, mpelekeni VETA, chuo cha ufundi hapo Moshi, akaombe fani kati ya hizo alizozionja, na aende na barua hiyo.